Kihispania Ambacho Baba Hakutufundisha

Nyumbani kwetu San Antonio, Texas, tulikuwa na lugha mbili: Kiswahili cha mama, mzaliwa wa Tanga aliyekuja Marekani kusomea uuguzi, na Kiingereza cha baba. Kihispania kilikuwa cha bibi mzaa baba na dada zake, waliokutana kila Desemba kupika tamale, unga wa mahindi na nyama iliyofungwa kwenye maganda ya mahindi na kuivishwa kwa mvuke. Baba alielewa kila walichosema, akawajibu kwa Kiingereza. Sisi watoto hakutufundisha hata salamu. Bibi wa Tanga nilimpa shikamoo kwa simu na tukazungumza mpaka salio likaisha. Bibi aliyeishi mtaa wa pili nilimkumbatia tu.

Chuo kikuu nilisomea uhasibu. Ratiba ilipobaki na nafasi ya somo la hiari, nikachukua historia ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko, nikitarajia habari za ngoma na mapishi. Mhadhiri akaanza na mipaka. San Antonio ilianzishwa mwaka 1718 chini ya Hispania, baadaye ikawa ya Meksiko, na ilipofika 1845 Texas ikaingizwa Marekani. Miaka mitatu baadaye, kwa Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, Meksiko iliyoshindwa vitani ikaiachia Marekani California na maeneo mengine makubwa kwa dola milioni 15. Waliokuwa wakiishi huko wakajikuta wako nchi nyingine bila kuhama. Ukoo wa bibi ulivuka baadaye, wakati wa Mapinduzi ya Meksiko yaliyoanza 1910, lakini ulifika kwenye mji ambamo Kihispania kilitangulia kusemwa kuliko Kiingereza. Nimekulia mji huo, nimepelekwa na shule kuitembelea ngome ya Alamo, na jambo hilo sikuwahi kulielewa hivyo.

Kisha tukafika kwenye shule. Mwaka 1918 Texas ilitunga sheria iliyofanya kuwa kosa la jinai kufundisha kwa lugha isiyo Kiingereza, isipokuwa katika vipindi vya lugha za kigeni. Sheria hiyo ilidumu hadi 1969. Wasomaji waliowahi kuvishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani wataelewa yaliyowapata watoto: viboko, faini, kubakizwa darasani wenzao wakicheza. Desemba 1968 Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani ilikaa San Antonio kusikiliza ushahidi, na wanafunzi wakaeleza walivyoadhibiwa kwa Kihispania chao.

Baba alizaliwa 1955. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa darasani na kalamu ikanisimama mkononi. Miaka yote nilidhani alikuwa anamwonea aibu mama yake. Jioni nilipomuuliza, alinionyesha kiganja na kuniambia kwamba darasa la kwanza alichapwa kwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Aliapa watoto wake hawatapitia hayo. Kwa hiyo alichotunyima alitunyima kwa mapenzi, nami nawalaumu wale waliomfanya mzazi aone kwamba hiyo ndiyo njia ya kumlinda mtoto.

Kazi ya mwisho wa muhula ilikuwa kumhoji mzee wa ukoo. Nilimchagua bibi, shangazi akawa mkalimani. Mhadhiri alikuwa ametusomesha mgomo wa wabanguaji wa pekani, kokwa ambazo Texas inazo kwa wingi. Januari 1938 wafanyakazi wanaokadiriwa kufikia 12,000, wengi wao wanawake wa Kimeksiko, waliacha kazi San Antonio baada ya ujira wao, ambao tayari ulikuwa senti chache kwa ratili, kupunguzwa tena. Aliyewaongoza mwanzoni, Emma Tenayuca, alikuwa na miaka 21. Bibi alikuwa na miaka kumi. Aliniambia jinsi alivyokaa miguuni pa mama yake akichambua kokwa, vumbi likiwa zito hata mtu wa upande wa pili wa meza humwoni vizuri, na jinsi wanawake walivyokohoa. Kifua kikuu kiliwamaliza wengi mitaa ile. Bibi alimwona Tenayuca akihutubia, na alilikumbuka zaidi koti lake kuliko maneno.

Mama naye alipata la kwake. Niliporudi na somo la Waafrika wa Meksiko, habari za Yanga, mtumwa aliyetoroka na kuongoza watu wake katika milima ya Veracruz, na za Vicente Guerrero, rais mwenye damu ya Kiafrika aliyefuta utumwa 1829, aliniomba nimsomee yote upya kwa Kiswahili.

Mwaka 2018 Bodi ya Elimu ya Texas iliidhinisha somo la aina hii kwa sekondari, kwa hiari. Wako wanaosema masomo haya yanawagawa watu. Mimi lilinirudishia baba.

Maktaba ya chuo ilipoomba nakala ya mahojiano, shangazi alitaka sehemu inayotaja viboko vya kaka yake ikatwe, kwa kumwonea huruma. Baba aliisikiliza sehemu hiyo mara mbili, akasema iachwe, na jina lake liandikwe.