Meno ya tairi na lami ya mjini

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hukinunua kwa kukipapasa tu, nacho ni tairi la baiskeli. Simama kidogo kwenye duka la vipuri pale Kariakoo. Mnunuzi analichukua tairi, anaupitisha mkono juu yake, na likiwa na meno makubwa kama ya trekta uso unamchangamka. Akipewa laini analirudisha upesi. "Hili litaniangusha mvua ikinyesha," anasema. Basi analipia meno, na kuanzia siku hiyo anayalipia tena kila asubuhi, kwa jasho.

Imani hiyo tumeitoa kwenye magari. Tairi la gari ni pana, tena bapa, na gari hukimbia. Barabara ikijaa maji, na maji yakakosa pa kutokea, tairi hunyanyuka likaelea juu yake, na dereva akawa abiria kama wengine. Mifereji iliyochongwa kwenye tairi kazi yake ni kuyatoa maji hayo. Tairi la baiskeli ni jembamba na la mviringo. Huyapasua maji pande mbili kama ngalawa. Wataalamu wa matairi ya ndege wana hesabu yao ya kujua ni kwa kasi gani tairi litaanza kuelea, na hesabu hiyo hutegemea upepo uliomo ndani. Kwa tairi lenye pauni 40 kwa inchi ya mraba, jibu linapita kilomita 100 kwa saa. Sijamwona bado muuza mikate anayekwenda mwendo huo.

Sasa tairi hushikaje lami? Mpira ni laini, lami ina vijiwe vidogo vidogo visivyohesabika, na uzito wako unaukandamiza mpira uingie katikati ya vijiwe hivyo. Kadiri mpira mwingi unavyogusa, ndivyo unavyoshika. Tairi la meno hugusa kwa ncha tu. Ukikata kona ncha hizo hupinda, na baiskeli hucheza chini yako. Aliyewahi kutembea na viatu vya njumu juu ya sakafu ya saruji anajua ninachosema. Kiwanjani njumu ni rafiki. Kwenye veranda zitakuvunja kiuno. Na lami ikiwa imelowa hali ni ile ile: tairi laini linashika vizuri kuliko la meno. Yapo mahali yote mawili huteleza, kama vile juu ya rangi nyeupe ya barabarani, mifuniko ya chuma, na mafuta ya magari yanayoibuliwa na mvua za kwanza. Hapo dawa ni kupunguza mwendo.

Lakini hasara kubwa iko kwenye nguvu. Kila jino likigusa lami hupinda, likiondoka hunyooka, na jambo hilo hurudiwa maelfu ya mara katika safari moja. Ule mvumo unaousikia tairi la meno likipita ni nguvu inayopotea, na mwenye kuitoa ni mwendeshaji. Mtu aliyefunga magunia ya mkaa kwenye keria akitoka upande wa Kisarawe hana petroli. Petroli yake ni ugali aliokula. Meno nayo huliwa na lami upesi, akarudi dukani mapema. Kwa mtu wa kipato cha siku kwa siku, hilo si jambo dogo.

Meno yana mahali pake. Katika njia za udongo za milima ya Usambara wakati wa masika, ardhi ni laini kiasi cha jino kuzama, na hapo tairi laini litakuaibisha. Mwenye tairi moja tu la meno alifunge mbele, kwa sababu gurudumu la nyuma likiteleza mara nyingi utajirudi, la mbele likiteleza utakuwa chini kabla hujajua. Meno yawe yameachana. Yaliyosongamana hushika tope la mfinyanzi mpaka tairi likawa duara la udongo mtupu.

Mchanga wetu wa pwani ni habari nyingine. Mchanga mkavu hauna cha kung'atwa, na meno huufukua tu. Kinachosaidia ni upana na upepo kidogo, kama unyayo wa ngamia. Ila ukifika kwenye lami jaza tena, maana tairi legevu likigonga shimo hubana mpira wa ndani kwenye ringi, na utakuta matundu mawili yamekaa sambamba kama umeumwa na nyoka.

Nisieleweke kwamba nasifu vipara. Tairi laini la dukani lina mpira wa kutosha. Kipara kilichokwisha mpaka nyuzi zinachungulia ni cha kutupwa.

Jambo la mwisho, maana limewapotezea watu fedha. Baiskeli nyingi za milimani zinazokuja za mitumba hufika na meno, na mwenyewe akitaka kubadili huomba "26". Zipo 26 za aina kadhaa zisizoingiliana. Iliyoandikwa 26 x 1.75 ni ya ringi ya baiskeli ya milimani. 26 x 1 3/8 ni ya ringi kubwa zaidi, na haitakaa hata fundi atumie vijiko vitatu. Soma namba ndogo ubavuni: ya kwanza huishia na 559, ya pili 590. Mwenye duka akishikilia kwamba zote ni moja, mwombe alivike kwenye ringi yako kabla hujalipa.