Mbung'o, Malale na Chujio la Figo

Katika misitu ya miyombo iizungukayo Ulyankulu ya Tabora, ambamo warina asali wamekuwa wakiumwa na mbung'o, au ndorobo kama wenyeji wamwitavyo, tangu kabla ya zama za mtemi Mirambo, ugonjwa wa malale si hadithi ya kale tu. Kwani ndio ulioifanya serikali ya Kiingereza, katika miaka ya 1920 na 1930, kuwahamisha watu wengi wa nchi ya Tabora na kuwakusanya katika makazi makubwa, mbali na pori. Ni wachache wangalidhani kwamba mdudu huyo ana uhusiano na maradhi sugu ya figo, walakini uhusiano upo, na kiungo chake ni protini iitwayo APOL1.

Protini hiyo, ambayo aghalabu hutengenezwa katika ini na kuzunguka katika damu, ni silaha ya mwanadamu dhidi ya vijidudu vya tripanosoma, viletwavyo na mbung'o na vinavyosababisha malale: kijidudu huimeza, nayo hutoboa utando wake, chumvi na maji yakaingia, kikavimba hata kikapasuka; ndiyo maana nagana iuayo ng'ombe haimpati mchungaji wake. Vijidudu viwili tu ndivyo vilivyopata hila ya kuikwepa, yaani gambiense ya Kongo na magharibi, na rhodesiense ya upande wetu, ambayo ina protini yake ya kuishika APOL1 na kuibatilisha. Katika miaka elfu kumi hivi iliyopita zilizuka Afrika ya magharibi sura mbili mpya za jeni ya protini hiyo, G1 na G2. Na utafiti uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba watu wa Uganda wenye G2 wamekingika zaidi na malale ya rhodesiense. Ajabu ni kwamba sura imuuayo adui wa mashariki imestawi zaidi magharibi, nami sijaona maelezo ya jambo hili yanayonitosheleza.

Gharama ya kinga hiyo huilipa figo. Mwaka 2010 wataalamu wa Boston na Brussels walibainisha kwamba aliyerithi sura hizo kwa baba na kwa mama pia yumo katika hatari kubwa zaidi ya figo kupata makovu na hatimaye kushindwa kazi. Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja, vilivyofunikwa na seli ziitwazo podosaiti, ambazo vidole vyake vilivyofumana huzuia protini za damu zisipotelee mkojoni. Na seli hizi nazo hujitengenezea APOL1 yao. Hiyo ndiyo idhuruyo, wala si ile ya ini, na ushahidi wake umetoka kwa waliopandikizwa figo: figo iliyotoka kwa mtu mwenye nakala mbili za sura hizo za hatari hudumu muda mfupi zaidi, hali jeni za aliyeipokea hazina athari kubwa. Protini hutoboa utando wa podosaiti, potasiamu ikavuja, seli ikafa. Na kwa kuwa podosaiti haina desturi ya kuzaliwa upya, mahali pake hubaki kovu.

Hata hivyo wengi wenye nakala mbili huzeeka na figo zao salama, maana sharti kiwepo kichocheo cha pili, kama vile virusi vya UKIMWI visivyotibiwa. Nchini Ghana na Nigeria, utafiti wa mwaka 2024 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya watatu ana nakala hizo mbili. Kwetu mashariki ni chache, na Ethiopia takriban hazipo. Basi asitokee mtu wa kuwanyoshea kidole Wanyamwezi, Wasukuma, au jamaa waliokuja kutoka Burundi tangu mwaka 1972, akidai kwamba ukoo fulani una damu mbovu.

Dawa ya kuizuia APOL1, inaxaplin, ilijaribiwa kwa wagonjwa wachache, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha protini ya mkojoni imepungua kwa karibu nusu katika majuma 13. Dawa hiyo ingali katika majaribio. Kwa mkazi wa Ulyankulu mwenye shinikizo la damu, kisukari au VVU, lililo karibu zaidi ni kijiti cha kupimia mkojo, ambacho hubadilika rangi kwa protini miaka mingi kabla miguu haijaanza kuvimba.