Kiangazi Ndiyo Saa ya Kutengeneza Boma: Matayarisho ya Masika Huko Pap Onditi

Watu wa Pap Onditi, katika Nyakach, kaunti ya Kisumu, waijua vema nchi yao. Neno "pap" katika Kijaluo maana yake ni uwanda ulio wazi, na kweli nchi ile ni uwanda. Upande mmoja zimesimama nyanda za juu za Nyabondo. Upande wa pili ardhi huteremka polepole kuelekea Ziwa Victoria. Mvua inyeshapo kule juu, maji hushuka kwa nguvu, lakini yafikapo uwandani mwendo wake hupungua nayo hutuama katika nyua za watu. Kwa sababu hiyo kazi ya kutengeneza ua na bustani yapasa ifanywe katika kiangazi, tangu mavuno ya vuli yaishapo hata mwisho wa Februari, kabla ya masika ambayo Wajaluo huyaita "chwiri".

Yafaa kwanza kufahamu tabia ya udongo. Mahali pengi uwandani pana udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka hunywea na kupasuka nyufa kubwa. Ukilowa huvimba, nyufa zikajifunga, na maji yasipate njia ya kuzama. Mvua za kwanza humezwa na nyufa, mwenye boma akadhani kwamba hapana hatari. Mvua zifuatazo hubaki juu ya ardhi, na hapo ndipo huingia nyumbani.

Kazi ya kwanza, basi, ni mfereji. Uchimbwe upande ule maji yatokako, juu ya nyumba, na udongo wake utupwe upande wa chini uwe tuta. Juu ya tuta hupandwa majani ya tembo au makonge ili mizizi ilishike. Mfereji usiwe na mteremko mkali, kwa maana maji yaendayo mbio hula ardhi. Makorongo ya Katuk Odeyo, huko huko Nyakach, ni ushahidi wa kutosha: maji yamekata mashamba na njia, na ardhi iliyokwenda hairudi.

Tena mfereji lazima uwe na mwisho mwema. Mtu aondoaye maji uani mwake na kuyamwaga katika choo au bustani ya jirani hakuondoa taabu, ameihamisha tu. Na aghalabu ugomvi wa masika huanzia hapo. Majirani wenye busara huutembelea mpaka pamoja kabla jembe halijapigwa, wakapatana juu ya njia moja ya maji, toka boma la juu kabisa hata mtoni. Wasipopatana, shauri lipelekwe kwa mzee wa kijiji wakati ardhi ingali kavu na mioyo imetulia.

Kazi ya pili ni nyumba na ghala. Nyufa za kuta zikandikwe upya, mapaa yaezekwe palipooza, na udongo ushindiliwe kuizunguka nyumba ili maji yateremke mbali na ukuta. Ghala liinuliwe juu ya miguu imara, na kila mguu uvishwe kipande cha bati kuzuia panya. Nafaka iingie ikiwa kavu kabisa, la sivyo huota ukungu wenye sumu.

Tatu, kisima kijengewe ukingo wa juu, na choo kiwe mbali nacho, upande wa chini. Maji ya mafuriko yakipita chooni na kuingia kisimani huleta kipindupindu na homa ya matumbo. Makopo na vyungu vilivyovunjika vizikwe, na mashimo yafukiwe, kwa kuwa mbu hutaga katika maji yaliyotuama. Vyandarua navyo vishonwe mapema.

Bustani nayo ina saa yake. Udongo mweusi ukikauka sana huwa kama jiwe, na ukilowa sana hushika jembe. Heri kulima mara baada ya mavuno, unyevu ungalipo na maksai wangali na nguvu. Samadi itandazwe, na mboga zitengenezewe matuta yaliyoinuka ili mizizi isioze. Palipo bondeni mtama hustahimili maji kuliko mahindi.

Wazee hukumbuka mvua kubwa za mwaka 1961, zilizofuatwa na kupanda kwa ziwa kwa zaidi ya mita mbili hata mwaka 1964. Mwaka 2020 maji yalipanda tena hata kufikia kimo kile, na watu wengi wa Nyakach na Nyando walihama makwao. Mafuriko kama hayo hayazuiliwi kwa jembe la mtu mmoja. Lakini mvua ya kila mwaka, ile iozeshayo nafaka na kuangusha ukuta, yaweza kuongozwa na watu wa mtaa mmoja waliochimba pamoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa wa Pap Onditi huzibwa wakati wa jua.