Haki za Wanawake wa Ugiriki ya Kale: Somo la Shule Lililomgusa Askari

Binti mmoja wa shule ya sekondari mjini Gitega, ambaye baba yake ni askari, alipewa na mwalimu wake kazi ya utafiti: aeleze haki walizokuwa nazo wanawake wa Ugiriki ya kale. Kabla hajaikamilisha alifuatana na baba yake, kwa njia ya Karusi, hadi Muyinga, ambako wazee wa kilima walikuwa wameketi kugawanya shamba la marehemu babu yake. Watoto watatu wa kiume walipata mafungu yao. Shangazi, ambaye ndiye aliyemwuguza mzee mpaka siku ya mwisho, alipewa kipande kidogo cha kulima maharage, akitumie katika uhai wake tu, pasipo kuwarithisha watoto wake.

Binti akamwendea baba yake kwa adabu. "Baba, naomba kuuliza. Je, shangazi si mtoto wa babu kama ulivyo wewe?"

"Ni mtoto wake, mwanangu," akajibu baba. "Lakini ndivyo desturi ilivyo."

Baba huyo ndiye aliyetusimulia habari hii, naye alikiri kwamba jibu lake halikumridhisha hata yeye mwenyewe. Tumeona vyema tuueleze utafiti wa binti huyo katika ukurasa huu, kwa kuwa msomaji wetu askari ana sababu zaidi ya wengine ya kuutafakari.

Kwanza ifahamike kwamba Ugiriki ya kale haikuwa dola moja yenye sheria moja. Ilikuwa miji mingi, na kila mji ulijitawala kwa sheria zake.

Katika mji wa Athens, unaosifiwa kuwa chimbuko la demokrasia, mwanamke hakupiga kura wala hakusema katika baraza la wananchi. Maisha yake yote alikuwa chini ya msimamizi: kwanza baba, kisha mume, na akifiwa, mwanawe au ndugu yake. Sheria haikumruhusu kufanya mapatano ya mali inayozidi thamani ya kipimo kimoja cha shayiri, kadiri ya lita 50. Baba akifa bila mtoto wa kiume, binti hakuwa mrithi kamili. Ndugu wa karibu wa marehemu alikuwa na haki ya kumwoa, na shamba likawangoja wana watakaozaliwa. Hata hivyo, sheria hiyo haikumwacha mtupu kabisa. Baba wa Kigiriki alimtoa binti yake pamoja na mali, na mume aliyemtaliki mkewe alilazimika kuirudisha mali hiyo, au kuilipia riba ya asilimia 18 kwa mwaka.

Katika mji wa Gortyn, kisiwani Krete, sheria zilichongwa juu ya ukuta wa mawe yapata mwaka 450 kabla ya Kristo, na maandishi hayo yanaonekana hata leo. Nyumba za mjini na mifugo vilikuwa vya wana wa kiume, lakini katika mali iliyobaki binti alipata nusu ya fungu la kaka yake. Mwanamke aliyeachwa aliondoka na mali yake mwenyewe, nusu ya mavuno yaliyotokana na mali hiyo, na nusu ya nguo alizofuma.

Wa tatu ni mji wa Sparta, ambao kila mwanajeshi amewahi kusikia sifa zake. Wanaume wake walikuwa askari, wakilala kambini mpaka umri wa miaka 30, na wengi walikufa vitani. Mali za nyumbani zilibaki mikononi mwa wanawake, na sheria iliwaruhusu kumiliki na kurithi ardhi. Mwanafalsafa Aristotle, aliyeishi katika karne ya nne kabla ya Kristo, aliandika kwa kulalamika kwamba karibu sehemu mbili kati ya tano za ardhi ya Sparta zilikuwa za wanawake. Mwaka 396 kabla ya Kristo, Cynisca, binti wa mfalme wa Sparta, alitangazwa mshindi katika michezo ya Olympia, kwa kuwa farasi walioshinda mashindano ya magari walikuwa mali yake. Lakini tusiipambe Sparta kupita kiasi. Mashamba hayo yalilimwa kwa jasho la watu waliotiwa utumwani.

Sasa tuitazame nchi yetu. Warundi hawakuwa wageni wa kuongozwa na mwanamke. Mama wa mfalme, mugabekazi, alikuwa na heshima na nguvu kubwa. Ririkumutima, mke wa Mwezi Gisabo, alishika hatamu za utawala baada ya mfalme huyo kufariki mwaka 1908, mpaka alipofariki yeye mwenyewe mwaka 1917. Mwaka 1993 Sylvie Kinigi alikuwa Waziri Mkuu, na baada ya Rais Ndadaye kuuawa mwezi wa Oktoba mwaka huo, ndiye aliyeiongoza serikali katika kipindi kigumu. Katiba ya mwaka 2005 ilitaka wanawake wasipungue asilimia 30 serikalini na bungeni, na Katiba ya mwaka 2018 ikashikilia kiwango hicho.

Basi barazani tumeipita Athens kwa mbali. Je, shambani? Urithi wa ardhi umeachiwa desturi. Muswada wa sheria ya mirathi ulioandaliwa mwaka 2004 haukufika kuwa sheria. Binti hupewa kipande cha kutumia, ambacho kwa Kirundi huitwa igiseke, na fungu lenyewe huenda kwa kaka zake. Mahakama zimewahi kuwapa mabinti urithi pale baba alipokufa bila mtoto wa kiume, lakini mwenye kaka hubaki akitegemea hisani yao. Katika jambo hili, binti wa Gortyn wa miaka 2,400 iliyopita alikuwa na haki iliyoandikwa, ambayo shangazi wa Muyinga hana.

Tunazifahamu hoja za wanaoitetea desturi. Nchi ni ndogo, vilima vimejaa watu, na mafungu yamekuwa membamba. Wanasema pia kwamba binti atakula kwa mumewe. Lakini je, akifiwa? Akiachwa? Tangu mwisho wa mwaka 2007 wanajeshi wa Burundi walikwenda Somalia kwa miaka mingi, na si wote waliorudi. Askari anajua kuliko raia yeyote kwamba mume anaweza kuondoka asubuhi asirejee.

Kwa hiyo tunawaasa wasomaji wetu wasingoje sheria mpya ili kutenda haki. Ndoa ifungwe mbele ya ofisa wa serikali. Mwaka 2017 Serikali iliwataka wote waishio kinyumba wafanye hivyo, maana mjane asiye na cheti husukumwa kwa urahisi. Shamba liandikishwe katika ofisi ya ardhi ya tarafa, na jina la mke liwemo. Anayetaka binti yake apate sehemu, ampe akiwa hai, kwa maandishi na mbele ya mashahidi, wana wa kiume wakisikia kwa masikio yao.

Binti wa Gitega alikwisha kuikabidhi kazi yake kwa mwalimu. Baba yake alituambia kwamba ameomba ruhusa ya siku tatu arudi Muyinga, akazungumze na kaka zake juu ya kipande cha dada yao. Hakutuahidi kwamba watakubali. Alisema tu kwamba safari hii, akiulizwa na mwanawe, anataka awe na jibu lingine.