Magadi Hayazuii Saratani ya Tumbo

Swali ni lilelile, limerudi tena: "Daktari, asidi ikizidi tumboni si ndiyo inaleta saratani? Ninywe magadi kila asubuhi?" Wengine wameshaacha kuuliza, wananunua "maji ya alkali" wakiamini wamejikinga.

Hapana. Saratani ya tumbo kwa kawaida huota katika tumbo ambalo asidi yake imepungua. Bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimtangaza kuwa kisababishi mwaka 1994, huingia mwilini tangu utotoni na kuuvimbisha utando wa tumbo kimyakimya. Miaka inapita, tezi zinazotoa asidi zinanyauka, utando unageuka na kufanana na wa utumbo, kisha chembe zake zinaanza kuharibika. Hatua hizo alizieleza Pelayo Correa, mwanapatholojia wa Kolombia. Sasa anayekunywa magadi anamzuia nani? Asidi anayoipiga vita huenda imeshaanza kukauka yenyewe, na bakteria hana habari naye.

Tazameni huko huko Kolombia, jimbo la Nariño. Tumaco ni mji wa pwani. Túquerres uko milimani, karibu mita 3,000 juu ya bahari. Kati yao ni kama kilomita 200 tu. Tumaco wamehesabiwa wagonjwa wapya takriban 6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Túquerres takriban 150. Mara 25! Na bakteria? Yuko kotekote, kwa watu kama 9 kati ya 10. Wapwani wengi wana asili ya Afrika, na bakteria wao kwa sehemu kubwa wana nasaba ya Afrika. Wa milimani wengi ni wa ukoo wa wenyeji wa kale wa Amerika, ila bakteria wao nasaba yao ni ya Ulaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba nasaba ya mtu na ya bakteria wake zisipolingana, utando huharibika zaidi. Watafiti wanapima pia mchango wa chumvi na minyoo. Msomaji asihitimishe kwamba Mwafrika ana kinga; wagonjwa wetu tunao wodini.

Magadi yana ubaya mwingine unaonikera zaidi: yanatuliza kiungulia. Mtu anaona nafuu, anakaa nyumbani, uvimbe unakua. Mwenye shinikizo la damu naye anajiongezea sodiamu bure.

Ya kufanya ni haya. Mwenye vidonda vya tumbo, au aliyekuwa na mzazi au ndugu wa damu mwenye saratani hii, apime bakteria kwa choo au pumzi. Kipimo cha damu hakitofautishi maambukizi ya sasa na ya zamani. Akikutwa naye, atumie dawa zote alizoandikiwa, kwa kawaida siku 14, kisha apime tena baada ya wiki 4 au zaidi. Chumvi na samaki wa chumvi vipungue, sigara iachwe. Anayekonda bila sababu, anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami au anayekwamwa na chakula, aende hospitali leo na aombe endoskopia, kile kipimo cha mpira wenye kamera. Dawa za bakteria hukinga vizuri zaidi kabla tezi hazijanyauka, kwa hiyo usisubiri maumivu yakulazimishe.