Esansi haina nafasi katika taa

Wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba, sikieni. Esansi ya gari, petroli ya taa na mazutu ya kamioni ni watoto wa tumbo moja: vyote vinatoka katika mafuta mazito yanayochimbwa ardhini. Vinatenganishwa namna gani?

Kiwandani mafuta hayo yanapashwa moto mpaka digri 350 hivi. Sehemu kubwa inageuka mvuke na kupanda ndani ya mnara mrefu wa chuma. Chini mnara ni wa moto sana. Kadiri unavyopanda, joto linapungua. Mazutu inageuka kuwa mafuta tena upande wa chini, petroli ya taa katikati, esansi karibu na kilele. Lami inabaki chini kabisa.

Fahamu basi: kinachopanda juu zaidi ndicho chepesi kutoa mvuke. Esansi inatoa mvuke wa kuwaka hata usiku wa baridi wa mwezi wa 6. Petroli safi ya taa inangoja joto la digri 38 ao zaidi. Ukiichanganya na esansi kidogo, unaharibu kazi yote ya mnara: mvuke unajaa ndani ya taa, na taa inaweza kulipuka mbele ya mtoto anayesoma.

Kwa hiyo:
– Usitie petroli ya taa katika bidoni lililokuwa na esansi.
– Petroli inayonuka esansi, usiiwashe.
– Zima taa, ngoja ipoe, ndipo uijaze.
– Usiwashe mbabula kwa esansi.