KARATASI YA PIA AU KOPO? JUA UNACHOMPIMIA MTEJA

Leo twende na hesabu kidogo, usikimbie. Mimi nimeishia kidato cha nne, ila hii naitumia dukani kila siku.

Karanga tunauza kwa namna mbili: kwenye karatasi iliyokunjwa ikachongoka chini (shuleni umbo hilo waliliita pia), au kwa kopo lililonyooka juu mpaka chini (mcheduara). Ukiviweka pamoja, mdomo sawa na kimo sawa, macho yanakwambia pia inabeba nusu ya kopo. Wapi! Inabeba theluthi moja tu. Jaribu kwa mchele: jaza pia mara tatu, mimina kwenye kopo, litajaa pomoni.

Tuchukue mdomo wa upana wa sm 6 na kimo cha sm 12. Kopo linaingiza kama sm 339 za ujazo, pia inaingiza 113. Sasa tuone hela ziko wapi.

1. MZIGO WA PIA UKO JUU
Pia ukiijaza mpaka nusu ya kimo, ndani kuna sehemu moja tu kati ya nane. Ukiacha wazi sm 2.4 za juu, karibu nusu ya karanga haimo! Mwambie kijana unayemwachia meza: pia ijazwe mpaka mdomoni. Mteja akipunjwa hagombani, anahamia meza ya jirani.

2. KARATASI
Pia moja inakula karatasi ya sm 117 za mraba. Ukitengeneza kopo la karatasi, pamoja na kitako, linakula 254. Pia inaonekana nafuu, lakini kumbuka pia tatu ndiyo kopo moja, na pia tatu zinakula 350. Hapo sijahesabu pa kugundishia. Kwa hiyo pia ni ya kuuzia kidogo kidogo. Mteja wa karanga nyingi mfungie kwenye mfuko ulionyooka, utaokoa karatasi.

3. KILIMA JUU YA KOPO
Hapa ndipo faida inapopotelea. Kile kilima tunachomwekea mteja juu ya kopo la maharage nacho ni umbo la pia. Chukua kopo la upana wa sm 10 na kimo cha sm 10. Kilima cha sm 3 juu yake ni sehemu moja kati ya kumi ya kopo zima. Yaani makopo 10 ya kilima ni sawa na makopo 11 ya kusawazisha.

Tuseme kopo la kusawazisha limekugharimu 800 na unaliuza 1,000. Faida ni 200. Ukiweka kilima umetoa mzigo wa 80 bure, faida inabaki 120. Kila siku, kila kopo!

Sisemi uondoe kilima, wateja wamekizoea na ndicho kinachowarudisha. Ninachosema, kiingize kwenye bei. Ukifungua gunia, pima kwa kopo la kilima tangu mwanzo. Gunia linalotoa makopo 110 ya kusawazisha, kwako lihesabu 100, ndipo upange bei.

Chukua rula, pima kopo lako leo. Na umtumie mwenzako anayelalamika mzigo unaisha halafu hela haionekani.